Mpambaji wa Ngamiani, Tanga: nyota nne, ya tano imebaki kwenye kucha zangu

Nianze na bei maana najua ndo wengi mnachotafuta. Kupambwa uso, kufungwa mtandio na kufundishwa kutembea 35,000, hina ya vidole 5,000 (hii nitairudia, tulieni), dera nilinunua mwenyewe 25,000, bajaji ya kukodi jioni nzima 15,000. Jumla 80,000 bila msosi wala gesti. Kwa mwanaume aliyezoea kuvaa nguo za kike chumbani mlango umefungwa kwa komeo, pazia chini, redio juu ili mpangaji wa chumba cha pili asisikie unavyohangaika na zipu, hiyo hela wala sio nyingi.

Mimi ni mwanaume, umri umeshapita wa kuitwa kijana, naishi Dar. Navaa nguo za kike tangu nipo sekondari, nikivaa natulia, sina maelezo marefu zaidi ya hayo na nimeacha kuyatafuta. Ila Dar sijawahi kuvuka hata kizingiti nikiwa nimevaa, kila kona kuna mtu mliyesoma nae au shemeji wa jirani. Safarini ndo nilikuwa napumua kidogo, navaa gesti, najiangalia kwenye kioo, navua, nalala. Watu wa Tanga wana ule msemo wao waja leo waondoka leo, basi mimi nikauchukulia kama ruhusa. Nikasema safari hii nje natoka.

Mpambaji nilimpata kupitia dada mmoja aliyepambwa nae siku ya harusi yake. Jina silitaji, barabara siitaji pia, zile barabara za Ngamiani zina namba nikisema moja tu mtahesabu mpaka mlangoni kwake. Nilimpigia simu nikamdanganya kwamba kuna mchezo wa kuigiza kazini kwetu nimepewa nafasi ya mwanamke. Akaniuliza, "Na mchezo wenyewe unaanza saa ngapi?" Nikakaa kimya kama nimekatika mtandao. Akacheka, akasema njoo baada ya alasiri, uje umenyoa ndevu vizuri, na uje umekula maana mimi sipambi mtu mwenye njaa anatetemeka.

Basi kutoka Mbezi ni kama masaa sita ukijumlisha na vile visimamo vya Chalinze na Segera, nimefika Muheza nimenunua machungwa dirishani kama kila mtu, yote hayo nayapita haraka maana akili yangu ilikuwa kwenye begi, lile dera limekunjwa chini kabisa ya suruali.

Nyumba yenyewe ni ile ya Kiswahili kabisa, baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Nimepiga hodi nikatoa shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu karibu, macho yake yakashuka mpaka miguuni kwangu yakabaki hapo. "Namba ngapi hiyo?" Arobaini na tatu. Akasikitika kwa kichwa. Kweli wadau, hiki ndo kilio chetu wote, viatu vya kike madukani vikifika arobaini na moja vimeishia hapo. Yeye suluhisho lake lilikuwa rahisi mpaka nikajiona mjinga, makubazi. Ya ngozi, wanaume wanavaa, wanawake wanavaa, hakuna anayeshangaa mguu ndani ya kubazi. Miaka yote nilikuwa nateseka na hili jambo.

Sasa uso. Tatizo letu kubwa ni kile kivuli cha ndevu, hata unyoe mara mbili poda ikipita juu kivuli kinarudi kama moshi. Huyu mama anapaka kwanza lipstiki ya rangi ya chungwa kwenye kidevu na juu ya mdomo, kidogo sana, anaigongagonga kwa kidole, alafu ndo foundesheni inakuja juu. Ile rangi ya chungwa inaua kivuli. Nilisema mama hii ya Muheza nini, hakucheka, akasema nyamaza usikunje uso. Wanja kaweka vizuri sana, nyusi hakunyoa (nilimuomba, kazini wangeuliza) alizilaza tu kwa brashi.

Hapa namkata alama: foundesheni yake ni ya maharusi, ni nyeupe kwangu. Shingo rangi yake, uso rangi yake. Kwenye kioo cha ndani sikuona kitu, nje kwenye mwanga wa jioni nilionekana kama nimechovya uso kwenye unga wa muhogo. Mkienda bebeni ya kwenu.

Kifuani nilikuja na soksi mbili nimejaza mchele. Alizichukua akazipima mkononi, akauliza huu mchele wa wapi, nikasema Mbeya. "Mchele wa Mbeya unaufanya matiti, na watu wana njaa." Akanipa sponji alizokata mwenyewe kutoka kwenye godoro, nyepesi, hazishuki. Ule mchele sikuuona tena, nahisi uliliwa.

Kuhusu dera, kama hujawahi kulivaa anza na hilo. Asili yake ni kwa Wasomali lakini pwani yote tumeshalifanya letu, ni pana, halina kiuno, mabega yangu haya ya kubeba mizigo yalipotea humo ndani. Mimi miaka yote nilikuwa nanunua vigauni vya kubana vya mitumba nikidhani ndo uanamke wenyewe, kumbe ndo vilikuwa vinanichoma.

Juu ya dera akataka nijifunge kanga moja kiunoni na nyingine begani. Nikafunga. Akaniangalia akasema rudia. Nikarudia. Akasema soma. Nikainamisha kichwa, jina la kanga liko kichwa chini miguu juu. WEMA HAUOZI, imegeuka. Akasema mwanamke wa Tanga atakusamehe sauti, atakusamehe mikono, ila jina la kanga likiwa kichwa chini anajua papo hapo hukuzaliwa nazo. Sijawahi kusoma ushauri wa namna hii popote na nimesoma mwingi.

Kutembea tulifanyia uani. Kosa langu ni hatua, "unatembea kama unaenda kuvunja mlango." Dawa yake sio kunyonga nyonga kama wale wachekeshaji wa kwenye TV, alikataza kabisa hiyo, alisema ukinyonga watu ndo wanageuka. Punguza hatua, pochi iingie kwenye kiwiko ili mkono utulie, macho yawe mbele sio chini. Sauti usiipandishe juu, ongea chini na taratibu, maneno machache, wanawake wenye sauti nzito wapo tele.

Alafu ndo akafanya kile kitu ambacho naandika haya yote kwa sababu yake. Nilidhani atanisindikiza mpaka barazani nikae kidogo tuone. Akanipa elfu mbili akasema nenda duka la pili kaninunulie nazi, jioni nataka kupaka samaki.

Nikasema mama subiri kwanza nizoee. Akasema nazi hazisubiri.

Nimetoka. Nawaambia ukweli mita kama hamsini zile miguu haikuwa yangu, jasho linatoka mgongoni, kila baiskeli ikipita (na Tanga baiskeli mnazijua) najua aliyeipanda ananiangalia mimi. Katoto kamekaa kwenye ngazi kakasema "shikamoo mama" na mimi koo likakauka, nikaitikia marahaba kwa sauti ya chini kakaendelea kuchezea kifuniko cha soda. Hapo ndo nikaja kufikiria kwamba Kiswahili chetu kinatulinda na kinatusaliti kwa pamoja, yeye ni yeye, mtu anaweza kukuongelea kutwa nzima bila kusema wewe mume au mke, lakini salamu hazikuachi, lazima uwe mama au baba, kaka au dada, anko au anti, hakuna pa kujificha. Nilikuwa naogopa hilo neno litakalotoka mdomoni mwa mtu wa kwanza, na lilitoka, na lilikuwa mama.

Dukani nimekuta nazi zimemwagwa kwenye gunia. Sasa mimi nimekulia kwa bibi, nazi naijua, nimechukua moja nikaitikisa sikioni nasikiliza maji, nikaweka, nikachukua nyingine, nikaigonga, na katika kugonga gonga huko nikasahau. Yaani nilisahau kabisa kwamba nimevaa. Nilikuwa mtu anatafuta nazi. Miaka ishirini na kitu nahangaika kwenye vioo nijiamini na kumbe nilikuwa sina shughuli, nilikuwa natoka kichwani kwangu ili nionekane tu, na mtu anayetembea ili aonekane anaonekana.

Dada mmoja alikuwa pembeni nae anachagua, akasema, "Shoga, hiyo mbovu, chukua hii." Akanipa mkononi. Alipoleta nazi akaona mkono wangu, akapanda na macho mpaka usoni, nikajua ameshajua. Tukaangaliana. Akasema, "Na hii nyingine, moja haitoshi," akageuka kwa muuza duka akaanza kulalamika bei. Mnajua lile neno kwetu wanaume linavyotumika, kwenye daladala, shuleni, mtaani, nimeitwa hivyo nikapigwa mawe nikiwa darasa la sita. Huyu aliniita kama wanawake wa pwani wanavyoitana, rafiki kwa rafiki, na hata baada ya kujua hakulirudisha.

Nikarudi na nazi mbili na chenji. Mama kazitikisa, akasema moja ya maji machache. Ndo pongezi yake hiyo.

Jioni bajaji. Dereva ni mpwa wake, kijana mstaarabu sana, alikuwa anajua kila kitu na hakuuliza kitu, alisema tu "anti twende?" Tumepita ile barabara ya hospitali ya Bombo mpaka Raskazone, nimeshuka nikatembea ufukweni, Kisiwa cha Toten kinaonekana, bahari imetulia. Raskazone hiyo hiyo waliposhuka askari wa Waingereza Novemba 1914 wakaja kukimbizwa na Wajerumani na nyuki juu, mpaka leo vinaitwa vita vya nyuki. Mimi nyuki wangu ulikuwa upepo. Umechukua mtandio wote, pini moja haikutosha, na chini ya mtandio kuna kichwa kilichonyolewa namba moja. Nimeukimbilia kwa hatua zile zile za kuvunja mlango. Wigi sikuwa nalo, mama alisema joto la nini.

Vijana watatu wa pikipiki wakaona. Wakalisema lile neno, safari hii kwa ile sauti ninayoijua. Mmoja akashuka kwenye pikipiki. Sitawadanganya kwamba nilisimama imara, nilitaka kulia. Mpwa wa mama alishawasha bajaji akaja mpaka kwenye mchanga, nikaingia tukaondoka, nyuma wanapiga miluzi. Kwahiyo anayewaambia Tanga ni salama mia kwa mia anawapoteza. Usiende peke yako, dereva awe mmoja na awe amelipwa aendelee kusubiri, kitambulisho uwe nacho, stendi na vijiwe vya bodaboda viache. Na nikabu usiguse hata kama inaonekana ndo njia rahisi ya kuficha ndevu, mwanaume akikutwa ndani ya nikabu watu hawafikirii nguo wanafikiria mwizi, utachomwa moto kabla hujajieleza, alafu pia sio haki kuingia na vazi la watu la ibada kwenye sehemu walizojitengea wanawake wenyewe. Dera na mtandio vinatosha.

Nimerudi kwa mama natetemeka. Hakunihurumia sana. Akaniwekea wali na samaki wa kupaka, zile nazi zangu, akasema pini zilikuwa ziwe tatu, kosa lake. Aliomba msamaha kwa pini tu. Nilikula mpaka nikasahau kuvua.

Sasa hina. Kulikuwa na bakuli limekorogwa kwa ajili ya bibi harusi wa kesho yake, akasema weka kidogo kwenye vidole ufurahie safari. Mimi na furaha yangu nikakubali. Kwenye ngozi imetoka baada ya siku kama kumi. Kwenye KUCHA haitoki wadau. Hainyofoki, haisuguliki, nimejaribu ndimu, nimejaribu msasa, inasubiri kucha ikue yenyewe mpaka uikate. Ofisini nimesema nilikuwa kwenye harusi ya mpwa wangu Tanga, wakanitania bwana harusi mpaka wiki ikaisha. Ila kwenye huduma ya mtu kama mimi mpambaji alitakiwa aniambie, nilipompigia kulalamika alisema "si ulikuwa unafurahi?" Nyota ya tano hapati.

Nitarudi mwezi wa Desemba, nimeshaweka oda. Foundesheni nakuja nayo, pini nakuja na pakiti nzima, hina hapana. Dera nimemwachia anitunzie, maana Dar nakaa na mdogo wangu na kabati tunalo moja.