Anki kwa msamiati wa juu wa Kiingereza: nzuri, ila ibadilishe mipangilio kwanza

Anki ni programu ya kadi za kukariri. Ya kompyuta na ile ya simu za Android, iitwayo AnkiDroid, ni za bure. Ya iPhone inalipiwa. Kazi yake ni kukurudishia neno pale unapokaribia kulisahau, na hiyo inaifanya vizuri mno.

Tatizo ni mpangilio wa mwanzo: kadi mpya 20 kwa siku. Ndani ya wiki chache marudio yanarundikana, na wengi huachia hapo. Shusha hadi 5 au 7.

Kadi yenye neno na tafsiri tu ni kazi bure. Chukua "mitigate". Ukiandika "kupunguza", utaishia kusema "mitigate the price", na hilo ni kosa: neno hili huandamana na "risk", "damage", "impact", yaani jambo baya linalopunguzwa makali. Andika sentensi nzima, acha pengo mahali pa neno, upande wa pili weka jibu na sauti. Neno likikushinda mara 8, Anki huitia kadi alama. Iandike upya kwa sentensi nyingine, kwa sababu ile ya kwanza haikushika.

Mwonekano wake ni wa kizamani, lakini hilo linavumilika.