Maua ya asubuhi kwenye ukuta wa jiko langu, Tabora: misimu miwili, pakiti mbili

Kwa anayetaka jibu la haraka: nunua. Ila maelezo ya nyuma ya pakiti usiyategemee sana. Hayakuandikwa kwa mtu wa Tabora, na jambo lililo kubwa kuliko yote hayakulitaja kabisa.

Nazungumzia yale maua yanayoparamia, ya buluu, yenye umbo la tarumbeta na kitovu cheupe kinachoingia kwenye manjano. Pakiti imeandikwa Ipomoea tricolor, aina ya Heavenly Blue. Asili yake ni Meksiko na nchi za jirani. Nyumbani kwangu Ipuli tunayaita maua ya asubuhi, kwa sababu likipata jua kali, saa tano au saa sita ua limeshajikunja, na halifunguki tena. Kesho yake yanachanua mengine.

Niliagiza pakiti mbili kwa muuzaji wa mtandaoni, shilingi 4,000 kila moja, zikaja kwa basi. Kila pakiti ilikuwa na mbegu 25, nyeusi, zenye umbo la kipande cha chungwa. Maelezo yake yalisema nisubiri theluji iishe ndipo nipande nje. Nikampigia muuzaji kuuliza kuhusu huku kwetu, akanijibu, "Wewe fukia tu dada, zitaota zenyewe."

Nilifukia zote 25 za pakiti ya kwanza mwishoni mwa Novemba, ardhi ikiwa imeshaloa vizuri. Zikaota tatu. Siku ya kumi na nane nilichimba kutafuta zilizobaki nikazikuta kavu, ngumu kama changarawe, hazijavimba wala kuoza. Roho iliniuma, maana mbegu zilikuwa nzima na mvua ya mwanzo ilikuwa imeshapita bure.

Aliyenitoa gizani ni mama yangu mkubwa, ambaye ameotesha mikrismasi miaka mingi. Alishika mbegu moja, akaigonga kwa ukucha, akauliza, "Hizi umezikwaruza kwanza?" Mbegu ya mkrismasi ina ganda lisilopitisha maji mpaka ulijeruhi, na hizi ni vivyo hivyo. Pakiti haikusema neno.

Kwa hiyo pakiti ya pili niliifanyia hivi. Nilichukua kikata kucha, nikamega kidogo sana mgongo wa kila mbegu, ule upande wa mviringo, mbali na lile kovu dogo ambapo mzizi hutokea. Unamega mpaka uone weupe, basi, usiingie ndani zaidi. Kisha nikaziloweka kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu usiku kucha. Asubuhi zilizokubali zilikuwa zimevimba karibu mara mbili na ganda limelainika. Tano zilikuwa bado ndogo vilevile, nikazimega tena na kuzirudisha majini. Nikapanda palepale zitakapokaa, kina cha sentimita moja na nusu, umbali wa sentimita 20 hivi, kwa sababu mizizi yake haipendi kuhamishwa. Siku ya tano zikaanza kutoka. Majani mawili ya kwanza yamepasuka katikati kama kwato za mbuzi, ukiyaona huwezi kuyachanganya na magugu. Kati ya 25 ziliota 21.

Kosa la pili lilikuwa langu mwenyewe, na lilitokana na kupenda. Upande wa kushoto wa ukuta nilichanganya samadi ya ng'ombe ya kutosha, kulia nikaacha udongo wetu huu wa kichanga ulivyo. Kushoto mmea ulinenepa, majani mapana kama sahani, lakini maua hakuna. Kulia majani yalikuwa madogo na ya kawaida, na ua la kwanza likafunguka siku ya 54. Kushoto nilisubiri karibu mwezi mzima zaidi. Mbolea nyingi hulisha majani. Udongo wako ukiweza kuotesha karanga, unatosha kwa maua haya.

Kuhusu pa kuparamia, fito usihangaike nazo. Mchwa walizimaliza zangu chini kwa chini, na usiku mmoja wa upepo mmea mzima ulilala. Sasa natumia waya wa kufungia nondo, nimeufunga kwenye misumari chini ya bati na kuukaza kwa mawe chini. Mmea huu hauna vikono vya kushikia, shina lenyewe ndilo linalojizungusha, na lina upande wake. Ukilitazama kutoka juu, linazunguka kinyume na mshale wa saa. Binti yangu alilizungusha upande wa pili ili liende kwenye dirisha lake. Jioni tukalikuta limejifungua na kurudi lilikotaka.

Na sasa maua yenyewe. Jioni tumba linaonekana kama mwavuli mwembamba uliosokotwa, rangi ya zambarau inayoelekea wekundu. Nimeshatoka mara nyingi baada ya swala ya alfajiri na tochi ya simu nikakuta yameanza kulegea. Kufikia saa kumi na mbili na nusu yamefunguka wazi, na ule wekundu umeondoka, yamebaki ya buluu tupu. Nilidhani macho yangu, kumbe wanasayansi walishalipima: ndani ya chembe za petali pH, yaani kipimo cha uchachu, hupanda kutoka 6.6 hadi 7.7 ua linapofunguka (uchachu unapungua), na rangi ileile inageuka kutoka wekundu kuwa buluu. Mchana likijikunja, linakuwa la waridi. Siku ya mawingu hubaki wazi mpaka alasiri. Asubuhi moja ya mwezi wa tano nilihesabu maua 63 kwenye ukuta ule, nikachelewa kuwasha moto wa chai.

Faida yetu nyingine ni mchana wetu. Mmea huu huchanua vizuri zaidi saa za mwanga zisipokuwa nyingi. Uingereza wanaweza kusubiri mpaka kiangazi chao kinaelekea mwisho. Sisi tuko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, mchana hauendi mbali na saa 12 mwaka mzima. Ila mvua ya Januari hupasua petali. Pakiti ya pili niliipanda Machi, mvua za mwisho zikaikuza, na maua yakaja Mei na Juni anga ikiwa safi. Kuanzia hapo namwagilia kila baada ya siku moja, jioni.

Jambo moja naomba lisipuuzwe. Jirani yangu alisimama getini akasema, "Mama, matembele yako yamenona, nichumie kidogo." Hakukosea sana, kwa sababu mmea huu ni wa ukoo mmoja na kiazi kitamu, kilekile tunachokatia michembe na matobolwa, yaani viazi vya kukausha, na majani yamefanana. Lakini haya si mboga, na mbegu zake zina sumu ya kutapisha na kuvuruga akili. Nilimpa matembele ya kweli kutoka nyuma ya nyumba, na tangu hapo sipandi vitu hivi viwili karibu. Mbegu nazihifadhi kwenye chupa juu ya kabati, watoto wasifike. Usiuweke mmea huu kando ya shamba pia. Vibumba, yaani vifuko vya mbegu, vikikauka hupasuka na kudondosha mbegu, utang'oa miche msimu mzima.

Wadudu sikuwaona wengi. Vidukari walikuja mara moja, nikawaosha kwa maji ya sabuni.

Pakiti naipa alama tatu kati ya tano: mbegu zilikuwa hai, maelezo yalikuwa ya mtu mwingine. Ua lenyewe naipa tano bila kusita. Pakiti ya tatu sihitaji kuagiza, kwa sababu kila kibumba kimenipa mbegu tatu au nne, nami nina chupa nusu. Nimeshafunga waya mpya upande wa barabarani, wanapopita watoto wakienda shule saa moja kasoro.