Matembezi ya kijijini Materuni: huduma inayostahili gharama yake

Kwa mkazi wa Moshi anayetafuta siku tulivu nje ya mji, matembezi ya kuongozwa katika kijiji cha Materuni, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, yanastahili kabisa gharama yake. Njia hupita katikati ya vihamba, yaani mashamba ya familia yanayozunguka nyumba, ambamo kahawa ya arabika hukua chini ya kivuli cha migomba, huku mifongo, yaani mifereji ya asili iliyochimbwa na Wachaga, ikisambaza maji ya mlimani hadi mashambani; kiongozi wetu, mzaliwa wa hapo, alieleza kwa ufasaha jinsi majirani wanavyopeana zamu za maji, na kwangu hiyo ndiyo iliyokuwa sehemu bora kuliko zote, hata kuliko maporomoko ya maji ya Materuni, ambayo maji yake ni baridi mno. Baadaye kahawa hutwangwa kwenye kinu, hukaangwa juu ya moto wa kuni na kunywewa papo hapo. Chakula cha mchana kilikuwa cha kawaida. Ningependa waongozaji wazungumzie pia KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro ulioanzishwa mwaka 1933, kwa sababu kahawa hiyo haieleweki vizuri bila historia ya wakulima wake. Wakati wa masika njia huteleza sana, hivyo viatu imara ni vya lazima.