Kahawa inayokaangwa palepale, Chumbageni Tanga: nimekwenda mara tatu

Nimekulia Ngamiani, na kahawa kwangu ni ile ya dele: nyeusi, chungu, ya moto, kikombe kidogo cha shilingi 200 baada ya magharibi na kipande cha kashata mkononi. Jirani aliponiambia kuna kiduka Chumbageni wanauza kikombe kimoja shilingi 5,000, nilitaka kujua mtu analipia nini hasa. Nimeshakwenda mara tatu sasa.

Ni chumba kimoja tu. Viti virefu vinne, kaunta ya mbao, na nyuma yake mashine ya kukaangia, moto wake wa gesi, pipa lake likizungushwa kwa umeme. Dada mwenye duka ndiye anayekaanga, anayesaga na anayemimina. Siku ya kwanza, kabla hata sijaagiza, alinipa buni mbichi ninuse: kijani kilichofifia, harufu ya majani makavu. "Hii ya Lushoto, kaka," akasema.

Lushoto! Huko nimekwenda mara nyingi, nikarudi na mapeasi na kabichi, sikuwahi kurudi na kahawa. Wajerumani walipanda kahawa Usambara tangu miaka ya 1890, na reli iliyoanza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893 ilielekea huko milimani kabla ya kufika Moshi. Magunia yamepita mjini kwetu kwenda bandarini, na sisi tukabaki tunakunywa kahawa ambayo hujui imetoka shamba gani wala imekaangwa lini. Hilo linaniuma, nalisema wazi.

Pale unajua. Kila pakiti imeandikwa kwa kalamu ilikotoka na tarehe iliyokaangwa. Nikaona ya siku ileile, nikaitaka hiyo. Dada akanishauri nichukue ya siku tano nyuma, kwa sababu buni ikitoka motoni huwa na gesi nyingi ndani na ladha yake haijatulia. Nilivyong'ang'ania, akanitengenezea zote mbili, ya pili bila malipo. Anapima gramu 15 za unga, anaweka kwenye kichujio cha karatasi, anamimina maji kidogo kidogo kwa birika lenye mdomo mwembamba mpaka mizani isome 250. Ya siku ileile iliumuka povu jingi, na mdomoni ikawa kali kali tu, haina mwelekeo. Ya siku tano, ilipokuwa ya moto sana, niliiona nyepesi. Nikaiacha ipoe kidogo. Hapo ndipo ukaja uchachu wa zambarau, na ukishameza, kautamu ka sukari guru kanabaki kwenye ulimi. Sikutia sukari, na mimi ni mtu wa sukari. Shilingi 5,000 zile sizijutii.

Mara ya pili nilikwenda na mama. Mama amekaanga buni maisha yake yote, kwa maulidi, kwa misiba, kwa wageni wa Idi, kwenye kikaango cha udongo juu ya mkaa, kisha anaitwanga kwenye kinu na iliki na tangawizi kavu. Nilitaka yeye ndiye aniambie.

"Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Endelea na kazi yako, mimi naangalia."

Akaegemea kaunta, akasikiliza. Buni ikikaribia nyuzi 200 huanza kupasuka, tak, tak tak, kama bisi za mbali. Dada alikuwa anavuta punje chache kwa kijiko, anazinusa, anazirudisha. Basi umeme ukakatika. Pipa likasimama na buni imo ndani, imegusana na chuma cha moto, na ikikaa hivyo hata dakika moja inaungua upande mmoja. Dada alizima gesi, akafungua mlango, buni ikamwagika kwenye trei. Lakini feni ya kupoozea nayo imekufa. Mama hakuuliza kitu. Akadaka sinia lililokuwa kaunta, akajaza, akaanza kupepeta pale mlangoni, makapi membamba yakipeperuka hadi barabarani, na dada akichota nyingine kwa bakuli. Wakapokezana hivyo mpaka zote zikapoa.

Zilikuwa kilo mbili. Nyingine zimeungua, nyingine bado hudhurungi hafifu. Dada akazitenga na kusema hataziuza. Kwangu hilo lilitosha kumwamini mtu na biashara yake, maana kwa unga uliosagwa nani angejua?

Mama alipopewa kikombe chake alikunywa chote, polepole, kisha akasema ni nzuri lakini "imetoka mapema". Dada hakumbishia. Alimwuliza yeye huitoa ikiwa na rangi gani, mama akamwonyesha mbao nyeusi ya mlango. Ziara ya tatu tulikuta amekaanga kidogo kwa rangi hiyo, na ameisaga na iliki. Mama akasema iliki imepungua.

Yapo yasiyonipendeza. Wanafungua saa tatu na nusu asubuhi na kufunga saa kumi na moja jioni. Watu wa Tanga hunywa kahawa baada ya alfajiri na baada ya magharibi, na saa hizo zote mlango umefungwa. Kashata hakuna, kuna keki. Joto la mchana mashine ikiwaka ni kali, kaa kiti cha karibu na mlango. Na robo kilo kwa shilingi 12,000 si ya kila wiki kwa familia kama yangu. Mimi nanunua mara moja kwa mwezi. Ukinunua, omba usisagiwe kama una kinu nyumbani, itakukalia vizuri zaidi.

Mama siku ile aliomba auziwe nusu kilo ya buni mbichi. Jumapili aliwasha mkaa, akaweka kikaango, akawa anakoroga na sikio ameliinamisha. Milio ilipoanza kupungua aliiepua. Nikamwambia, mama, mbona bado haijawa nyeusi? Akaimwaga kwenye ungo na kuanza kupepeta.

"Niache," akasema. "Ya Lushoto hii."