Pedi za gemu za "toleo maalumu" Mlandege: kadi zao safi, pedi zao msiba

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya kadi za gemu tu. Pedi sifuri, adabu sifuri.

Duka silitaji. Liko upande wa Mlandege, na anayekusanya gemu za anime (katuni za Kijapani) za mashine ya Nintendo Switch hapa Unguja atalijua kwa kabati lake la kioo: juu Dragon Ball, kati Naruto na One Piece, chini kabisa pedi zenye michoro. Hizo za chini ndizo zilizonipandisha presha.

Ni jozi ya Joy-Con, zile pedi mbili zinazochomekwa ubavuni mwa Switch, chungwa na nyeusi, nembo ya kijiji cha ninja mgongoni, imo ndani ya mfuko wa plastiki na kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu: "Toleo maalumu, orijino Japan." Bei yake nusu zaidi ya jozi mpya ya kawaida. Sanduku hakuna. Vikamba vya mkononi hakuna. Sasa toleo maalumu lisilo na sanduku mkusanyaji alifanyie nini? Matoleo ya kweli yapo: Switch OLED ya Pokémon Scarlet na Violet ya 2022 ilikuja na Joy-Con zake zenye rangi, na Japani mwaka 2019 ilitoka Switch ya Dragon Quest XI S, gemu ambayo wahusika wake wamechorwa na Akira Toriyama yule yule wa Dragon Ball. Hizo zina masanduku, na masanduku hayo yana soko lake peke yake. Jozi ya Naruto iliyotoka kwa Nintendo wenyewe mimi sijapata kuiona kwa mkusanyaji yeyote.

Sasa sikilizeni, maana hili wauzaji wengi hawalijui, au wanalijua na wanaomba Mungu nyinyi msilijue. Kila Joy-Con imehifadhi rangi yake ya kiwandani ndani ya kumbukumbu ya saketi. Ichomeke kwenye Switch, rudi ukurasa wa mwanzo, bonyeza alama ya pedi pale chini. Mchoro mdogo wa pedi utatokea kwa rangi ile ya kiwandani. Uvishe gamba la rangi gani sijui, mchoro haujali gamba. Iko programu ya kompyuta inayoweza kuandika upya rangi hiyo, kwa hiyo mchoro ukilingana na gamba bado hujathibitisha kitu. Usipolingana, kesi imekwisha.

Ile jozi ya chungwa ikatokea kijivu. Zote mbili, kulia na kushoto.

Nikamgeuzia skrini kijana wa kaunta. Akaitazama, akaniambia: "Skrini yako mbovu hiyo." Nikamwomba basi tujaribu kwenye Switch ya duka, ile iliyowashwa pale kwa maonyesho. Akapandisha sauti, wateja wote wageuke: "Yakhe, umekuja kununua au umekuja kupeleleza? Watu wa anime nyinyi mna tabu sana!" Tabu! Mtu analeta mtumba umevishwa gamba jipya, anaubandika Japani, halafu mwenye tabu ni anayeuliza.

Watu walipoanza kucheka akashusha bei mpaka ya mtumba. Kwa bei hiyo nikachukua, maana gamba lenyewe, nisiwe mwongo, limechapwa vizuri, na Joy-Con ya zamani yenye saketi nzima si kitu cha kutupa. Hata hapo sikusalimika. Pedi ya kulia ilikuwa inacheza vizuri bila waya, lakini ukiichomeka kwenye reli, ule mfereji wa ubavuni mwa Switch, haiingizi chaji. Ya kushoto ikionyesha alama ya umeme, ya kulia inakaa pale pale asilimia chache mpaka inazima. Nikarudi. Jibu la yule kijana: "Itie chaji usiku kucha." Joy-Con iliyokwisha kabisa hujaa kwa kiasi cha saa 3 na nusu. Usiku kucha wa nini?

Kwa faida ya mliokwama kama hivyo: pedi inayocheza bila waya lakini haichaji ikiwa relini, betri si ya kwanza kushukiwa. Anza na reli. Futa vile vituo vya shaba kwa pamba yenye spiriti, khasa hapa kwetu, chumvi ya bahari inaviwekea ukungu wa kijani bila ya wewe kujua. Chomeka tena. Ikikataa, chomeka pedi ya mtu mwengine upande ule ule. Ikichaji, kosa liko ndani ya pedi yako, si kwenye Switch.

Ndani kunafunguliwa hivi. Mgongoni pana skrubu nne za mabawa matatu, zile za Y. Bisibisi ya nyota itazila vichwa. (Kwenye jozi hii moja ya hizo nne ilikuwa ya nyota. Hapo hata mchoro wa skrini huuhitaji.) Gamba likiachia usilivute, lifungue taratibu kwa upande, kwa sababu fleksi, zile nyaya bapa laini, zinaunganisha nusu mbili na ni nyembamba. Chomoa betri kabla hujagusa kitu chengine. Kwenye betri pameandikwa 525 mAh, na zangu zote mbili zilikuwa za Nintendo kweli. Hili wekeni akilini. Chini ya betri kuna fremu ya plastiki yenye skrubu za nyota, na chini yake saketi.

Kosa likaonekana wazi. Aliyebadilisha gamba aliirudisha fleksi ya reli ikiwa imekunjika, akaibana na ukingo wa gamba, akafunga skrubu. Mkunjo umepasua njia za umeme. Magamba haya ya kuagiza yana ukingo mnene kidogo kuliko ule wa asili, kwa hiyo fleksi ikikaa nje ya njia yake hata milimita moja, imekwenda. Dawa ni kubadilisha fleksi nzima, kuunga hakudumu. Mafundi simu wa Darajani wanaweza kuagiza Dar ikaja na boti, ila mwambie fundi ni ya kulia au ya kushoto, maana hazifanani. Na akifungua kulia, aangalie springi ya kitufe cha ZR, inaruka na ikiruka huioni tena.

Analogi, kile kijiti cha kidole gumba, nayo ilikuwa inavuta juu yenyewe, ule ugonjwa maarufu wa Joy-Con: ndani ya kijiti kuna vipande vya kaboni vinavyosuguliwa na visigino vya chuma, vikilika au vikiingia vumbi, pedi inadhani unasukuma. Kwenye gemu ya kupigana kama Dragon Ball FighterZ mchezaji wako anarukaruka peke yake kama kichaa. Kupuliza dawa ya kusafishia kunasaidia kwa muda mfupi tu. Weka analogi za sumaku, hazina msuguano huo. Skrubu mbili na fleksi moja kila upande. Ukimaliza ingia mipangilio ya mfumo, sehemu ya pedi na sensa, fanya usawazishaji wa vijiti, la sivyo haitafika ukingoni pande zote.

Haya, kadi. Hapa lazima niseme kweli ingawa roho hainipi. Kadi zao ni orijino. Captain Tsubasa: Rise of New Champions ya 2020 (wenye jamaa Omani mnamjua kama Captain Majid), Naruto x Boruto ya 2023, zote zina maandishi ya LA-H mbele, lebo iliyokaa sawa, na zinasomwa mara ya kwanza bila kufutwa. Kuna wanaolamba kadi kupima kama ni ya kweli, kwa kuwa Nintendo wamezipaka kitu kichungu ili watoto wasimeze. Jamani, kadi ya dukani imeshikwa na nani? Ichomekeni tu.

Wanachokosea, na sijui ni ujinga au ujanja, ni kuchanganya masanduku ya Japani, ya Ulaya na ya Asia kwenye safu moja bila kumwambia mnunuzi. Kadi za Switch hazina kufuli la nchi, zote zitacheza. Nyongeza ndizo zenye kufuli. Wahusika wa ziada unaowanunua kwenye duka la mtandaoni la Ulaya hawafungui kwenye kadi ya Japani. Lazima akaunti iwe ya eneo la kadi yenyewe. Lugha nayo ni ya kuangalia nyuma ya sanduku. Baadhi ya matoleo ya Asia ndiyo lulu, kwa mfano Super Robot Wars T ya 2019, yenye Kiingereza kamili kwenye kadi, wakati Ulaya na Marekani halikutolewa la dukani. Hiyo walikuwa nayo. Imewekwa nyuma ya kava za silikoni, vumbi tele, bei ya kawaida kabisa. Nikaongeza nyota ya pili hapo hapo moyoni.

Angalieni pia sanduku lenye ilani kwamba lazima upakue kitu mtandaoni. Mengine hayana kadi kabisa, yana karatasi ya msimbo tu, na msimbo ukishatumika sanduku ni pambo. Na mnaofikiria kuhamia Switch 2: kadi hizi itazisoma, lakini Joy-Con za zamani hazichomeki ubavuni mwake. Zitacheza bila waya, chaji utafute kifaa chengine, hivyo msiuze Switch ya zamani haraka.

Niendelee na duka. Mwenye duka mwenyewe, mzee mmoja mstaarabu, alipoisikia habari ya fleksi akaniita ndani. "Mwanangu, nipe radhi, hawa vijana huniletea mzigo sijui unatoka wapi." Akanikatia bei ya kadi mbili, na akaahidi kikaratasi cha "orijino" kitatoka. Nikataka kuandika nyota tatu. Nne, kusema kweli, maana mzee alinivunja nguvu.

Nimepita tena juzi. Kabati lile lile, safu ya chini, jozi nyengine: zambarau, na jicho jekundu la ukoo mwengine wa Naruto. Kikaratasi cha kalamu. "Toleo maalumu, orijino Japan." Na kijana yupo, anatafuna, hata salamu hakuitikia.

Kwa hiyo nyota moja, na ibaki moja. Kadi nitaendelea kununua kwa mzee. Pedi zao hata nikipewa bure sichukui. Bure nitachukua, betri zake za kweli.