True Detective, msimu wa kwanza: kesi inayotaka giza, na jinsi ya kuitazama ukiwa Lamu

Msimu huu ulianza kuonyeshwa na HBO, televisheni ya kulipia ya Marekani, Januari 2014, sehemu 8 za takriban saa moja moja. Kwa upelelezi wa mtindo wa noir, yaani hadithi za uhalifu zenye giza, bado ndio wa kuanza nao. Lakini anayeutazama barazani adhuhuri, kwenye simu, atakuambia picha ni mbovu na hadithi haieleweki. Mfululizo hauna kosa hilo. Umetengenezwa kwa chumba chenye giza na masikio yaliyotulia.

Wapelelezi wawili wa jimbo la Louisiana, Marekani, wanakuta maiti ya mwanamke chini ya mti kwenye shamba la miwa mwaka 1995, kichwani amevishwa pembe za kulungu. Marty Hart (Woody Harrelson) ni mtu wa familia, au ndivyo anavyojinadi. Rust Cohle (Matthew McConaughey) hapati usingizi, na hutembea na daftari kubwa mno hata wenzake wakambandika jina la Mtoza Kodi. Mwaka 2012 kila mmoja anahojiwa peke yake kuhusu kesi ile ile, na katikati kuna 2002, mwaka waliokosana.

Hapo ndipo watazamaji wengi hupotea. Shika nywele za Cohle. Zikiwa fupi na tai imekazwa, hiyo ni 1995. Zikiwa ndefu, zimefungwa nyuma, na masharubu yameshuka, ni 2012. Katika mahojiano hayo anakunywa bia, kisha anachukua kisu na kukata kopo taratibu, anakunja vijitu vya bati na kuvipanga mezani huku akizungumza. Usiondoe macho kwenye mikono yake, kwa kuwa inasema zaidi ya mdomo. Sehemu ya tano itazame kwa uangalifu wa pekee: sauti zinasimulia jambo moja, picha inaonyesha jingine, na ukiwa unapika wakati huo hutaambulia kitu.

Nic Pizzolatto aliandika sehemu zote 8, na Cary Joji Fukunaga akaziongoza zote. Ndiyo maana hakuna mshono unaoonekana. Aliyewahi kupita mkondo wa Mkanda hapa Lamu, penye mikoko, maji yakikupwa ataitambua mara moja ile hali ya vinamasi vya Louisiana: tope, mizizi, joto lisilo na upepo, na hisia kwamba kuna mtu nyuma ya miti.

Sasa chombo cha kutazamia. Mfululizo ulipigwa kwa filamu ya milimita 35, kwa hiyo picha ina chembechembe laini. Intaneti ikidhoofu, programu hubana picha, na huanza kwa kupunguza yaliyomo gizani. Matokeo yake usiku unakuwa miraba myeusi inayotetemeka. Kwa ubora wa HD weka hesabu ya hadi GB 3 kwa saa, yaani msimu mzima unaweza kufika GB 24. Kwa ubora wa kawaida, kama GB 1 kwa saa. Kama huduma unayolipia inaruhusu kupakua, pakua kwanza kwa ubora wa juu ndipo utazame. Bando likiwa dogo, afadhali sehemu mbili safi kuliko nane za miraba.

Kwenye rimoti, chagua hali ya picha ya sinema. Zima kabisa kinacholainisha mwendo, maana filamu ina picha 24 kwa sekunde, na runinga ikijitungia nyingine za katikati, kila kitu kinafanana na tamthilia ya mchana. Zima pia kinachookoa umeme, kwa sababu hupunguza taa ya kioo na kumeza sura za watu usiku.

Nyumba za mawe za Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, zina faida na hasara. Chumba cha ndani kina giza hata mchana, lakini kuta za chokaa hurudisha mwanga, basi balbu moja nyuma yako inatosha kuharibu picha kwenye kioo. Kuta hizo hizo hurudisha na sauti, na Cohle ananong'ona kwa lafudhi nzito ya kusini mwa Marekani. Tandika zulia, teremsha pazia zito, washa maandishi ya chini hata kama Kiingereza chako ni kizuri. Anza baada ya Isha. Watoto na wazee wasiwepo, kwani kuna utupu na maiti zinazoonyeshwa bila kufichwa.

Udhaifu upo. Maggie, mke wa Marty (Michelle Monaghan), anaigizwa vizuri kuliko alivyoandikwa, na wanawake wengine hawapewi nafasi ya kutosha. Nyuzi kadhaa za njama zinaachwa zikining'inia. Kila msimu una kesi na watu wake, hivyo huna haja ya kufuata mpangilio. Msimu wa 2024, sehemu 6, Jodie Foster na Kali Reis huko Alaska, una giza zaidi na unataka mipangilio hiyo hiyo.

Kabla ya sehemu ya nne, angalia tokeni za umeme. Mwishoni kuna dakika kama 6 zilizopigwa bila kukatwa hata mara moja: Cohle anamburuta mtu nyumba hadi nyumba huku risasi zikilia, kamera ikimfuata mgongoni na kuvuka ua naye. Umeme ukikatika hapo, rudi mwanzo wa uvamizi, usiendelee ulipoachia.