Uzoefu wangu: shule ya Kikatoliki huku Tanga, na maabara inayotumia maji ya kisima

Shule yenyewe siitaji. Ni ya bweni, ya wasichana, ya Kanisa, upande wa pwani mkoani Tanga. Ada na matokeo ya mitihani kila mtu anaweza kuyatafuta mwenyewe. Mimi nina jambo moja tu, maji ya maabara, na nimelikasirikia kiasi kwamba siwezi kuiandika shule hii kwa utulivu.

Kila mtu pale anajua kwamba maji ya kisima yana chumvi. Fomu ya kujiunga inamtaka mwanafunzi aje na sabuni ya ziada, kwa kuwa maji hayatoi povu. Wasichana wanalalamika chai ina ladha ya chumvi kabla hata ya sukari. Matroni, sista mmoja mwenye huruma sana, anawaambia wazazi wasifue shuka nyeupe kwa maji yale. Sasa maji hayohayo yakivuka mlango wa maabara yanageuka kuwa maji safi? Kwa muujiza gani?

Kwa wasiosoma kemia nieleze kidogo. Kidato cha tano na cha sita, wa PCB (fizikia, kemia, baiolojia) na PCM (fizikia, kemia, hisabati), wanapewa sampuli ya chumvi isiyojulikana ili wagundue imeundwa na nini. Muhula uliopita darasa lilipewa zinki naitreti. Ukiichoma kavu kwenye testi tyubu inatoa mvuke wa maji, kisha gesi ya kahawia, na kinachobaki ni cha njano kikiwa cha moto na cheupe kikipoa. Ukiiyeyusha na kuongeza sodiamu haidroksaidi tone kwa tone, unapata mashapo meupe, yaani chembe ngumu zinazojitenga na maji, yanayoyeyuka ukizidisha. Ukitumia mmumunyo wa amonia, vilevile. Hapo zinki imeshajulikana, na gesi ya kahawia imeshasema naitreti.

Kinachofuata ni silva naitreti, dawa ya kupimia kloraidi, ambayo ndiyo iliyomo kwenye chumvi ya kawaida ya kula. Unatia kwanza asidi ya naitriki iliyozimuliwa ili kuondoa kaboneti, kisha matone mawili matatu ya silva naitreti. Yakitokea mashapo meupe yanayoyeyuka kwenye amonia, ni kloraidi. Kwenye zinki naitreti hayatakiwi kutokea. Darasa zima yalitokea. Yalitokea kwa sababu sampuli iliyeyushwa kwa maji ya bomba la maabara, yanayotoka kisimani, na maji hayo yamejaa kloraidi. Silva naitreti haina ubaguzi: inaishika kloraidi iwe imetoka kwenye sampuli au kwenye bomba.

Daftari la binti ninayemlea lina kila kitu kwa mpangilio. Gesi ya kahawia ameiandika. Rangi ya njano ikiwa moto ameiandika. Mashapo meupe ya silva naitreti ameyaandika pia, kwa sababu ameyaona kwa macho yake. Mwishoni akahitimisha kloraidi, na alama za hitimisho zikaenda. Pembeni, kwa wino mwekundu: "Hamsomi." Mtoto aliyeandika alichokiona anaambiwa hasomi!

Na dawa yake ni nyepesi mno. Kabla ya kipindi, chukua mililita 2 za maji yatakayotumika, tia tone moja la asidi ya naitriki, kisha matone mawili ya silva naitreti. Yakibaki maangavu, endelea. Yakiwa na ukungu mweupe, yamwage. Ni dakika moja. Fundi sanifu wa maabara anayejua kazi hufanya hivyo bila kuambiwa, na mwanafunzi anapaswa kufundishwa kuweka testi tyubu ya pili yenye maji matupu pembeni ya ile ya sampuli, azilinganishe.

Basi nikaenda siku ya wazazi, na daftari mkononi. Nilimwendea mwalimu wa taaluma kwa heshima, nikamwonyesha ukurasa, nikamwomba tujaribu maji ya bomba palepale. Hakulifungua daftari. "Mzazi, wewe umekuja kutembelea mtoto au kukagua shule?" Nikasema vyote viwili, mwalimu. Akasema, "Hapa hatufundishwi kazi na wazazi," akageukia mzazi mwingine. Mbele ya mtoto.

Nikiwa na hasira hivi nilitaka kuandika moja kwa moja: msipeleke watoto pale. Lakini ningekuwa mwongo. Vipindi vinafundishwa vyote, hata Ijumaa mchana. Prepo ya usiku ina mwalimu wa zamu anayezunguka kweli. Vipindi vya vitendo wanaunganisha viwili, dakika 80, na kila mwanafunzi ana bureti yake, ile tyubu ndefu yenye vipimo na koki ya kupimia asidi. Shule nyingi wanagawana bureti moja watu watano, mmoja anafungua koki na wanne wanatazama. Baiolojia yao ni ya juu sana. Misa ni ya lazima kwa Wakatoliki, wengine wana utaratibu wao, na sijasikia binti wa Kiislamu akisumbuliwa. Hilo nalithamini, huku Tanga tunaishi pamoja.

Ila bureti hizo nazo zinaoshwa kwa maji gani? Ndiyo hapo ninapowaka tena. Pwani hii ina mawe ya chokaa, mapango ya Amboni ni ushahidi wa kutosha, na maji ya kisima kwenye ardhi ya namna hiyo huwa na chumvi za kalsiamu zinazoila asidi. Ukizimua asidi ya haidrokloriki iwe 0.1 M (M ni kipimo cha ukali wa mmumunyo) kwa maji kama hayo, sehemu yake inaliwa kabla haijafika kwenye bureti. Pale ambapo mililita 25 za sodiamu kaboneti ya 0.05 M zingetaka mililita 25 za asidi, mwanafunzi anaweza kusoma 26 na kitu. Huko kosa halionekani, kwa sababu usomaji wa wanafunzi unapimwa kwa usomaji wa mwalimu, na mwalimu ametumia asidi ileile. Kwenye sampuli ya chumvi jibu linatoka kwenye lebo ya chupa, ndipo mtoto anaumbuka.

Kitu kingine cha kuangalia ni chupa yenyewe ya silva naitreti. Hutunzwa kwenye chupa ya kahawia kwa kuwa mwanga unaiharibu. Mililita 100 za 0.1 M zinahitaji gramu 1.7, na ni dawa ya bei. Ikiyeyushwa kwa maji ya kisima inachafuka papo hapo na sehemu ya madini ya fedha yaliyomo inazama chini kabla ya mtu kuitumia, lakini rangi ya chupa inaficha. Mimina kidogo kwenye testi tyubu safi, itazame kwenye mwanga.

Na wasiseme hakuna fedha. Wanafunzi 40, kila mmoja mililita 100 za kuyeyushia na 100 za kusuuzia vyombo mara ya mwisho, ni lita 8. Dumu moja la lita 20 la maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa ili chumvi ibaki nyuma, linatosha vipindi viwili na linabaki. Ukikosa ya maabara, maji ya betri yanauzwa vituo vya mafuta. Hakikisha ni maji, siyo asidi ya betri, na yapime kwanza kwa silva naitreti kama nilivyoeleza. Ya mvua ya masika yanaweza kusaidia ukiacha mvua za mwanzo zioshe bati, ila paa likiwa karibu na bahari lina chumvi ya upepo, kwa hiyo nayo yapimwe. Kuosha vyombo kwa bomba siyo dhambi, mradi suuzo la mwisho, mara mbili, liwe la maji yaliyokenekwa.

Mzazi unayefikiria shule hii, siku ya kutembelea omba uingie maabara na uulize swali moja: dumu la maji yaliyokenekwa liko wapi? Wakikuonyesha, mwandikishe mtoto bila wasiwasi, hutajuta. Wakikuonyesha bomba, sijui nikushauri nini. Asubuhi ningesema usimpeleke. Sasa nimesoma tena daftari la baiolojia la binti, lilivyosahihishwa mstari kwa mstari, na mkono umekuwa mzito.

Shule ikifunguliwa nitampeleka na dumu la lita 20 kwenye buti ya gari, pamoja na ndoo na godoro. Likipokelewa getini, atabaki. Likirudishwa, nitaomba barua ya uhamisho siku hiyohiyo.